Ski zikae wapi kiangazi: chini ya kitanda, besimenti au gereji?

Aprili ikifika hapa Minnesota, theluji iliyobaki ni ile chafu iliyolundikwa pembezoni mwa maegesho, na ski, yaani zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, zimeegemezwa mlangoni zikisubiri mtu aseme ziende wapi. Hazitaguswa tena mpaka Novemba au Desemba. Waliozaliwa huku wana gereji kubwa na mazoea waliyorithi kwa wazazi. Sisi tuliojifunza mchezo huu ukubwani, au tuliovutwa na watoto wanaoupata shuleni, wengi tumepanga nyumba za vyumba viwili. Jirani mmoja atakwambia weka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, mwingine atasema besimenti ni kutafuta kutu. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu besimenti zao hazifanani.

Nitalinganisha sehemu tatu ambazo watu wengi wanazo: ndani ya nyumba yenyewe, besimenti au stoo ya chini ya jengo, na gereji. Darini na roshani nitazipitia kwa haraka tu.

Vigezo kwanza

Ski haiharibiki kwa kukaa tu. Ukiipasua utakuta kiini cha mbao, na juu na chini yake tabaka za faibaglasi zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Tumboni, yaani upande unaogusa theluji, kuna plastiki inayofyonza nta, na pembeni mwa tumbo hilo, kwa ski nyingi, umepita ukanda mwembamba wa chuma. Kila kimoja kina adui yake, na vigezo vyangu vinatoka hapo.

- Joto: gundi na plastiki havipendi joto kali la muda mrefu, wala jua la moja kwa moja. Pahali ambapo mtu angelala kiangazi bila kulalamika, ski nayo italala.
- Unyevu: chuma na skrubu hushika kutu. Unyevu wa hewa ukiwa karibu na asilimia 50 au chini yake, kaa kwa amani. Ukibaki juu ya 60 wiki baada ya wiki, kutu iko njiani.
- Nafasi: si urefu peke yake. Je, zitakaa bila kubanwa wala kulaliwa na mizigo?
- Usalama: watoto, panya, wezi.
- Usumbufu: pahali panapokulazimu kuhamisha masanduku kila unapotaka kuchungulia, hutachungulia.

Aina ya ski nayo inabadilisha hesabu. Za mteremko ni pana kiasi na buti hufungwa mpaka kisigino, kama za Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang mwaka 2018. Za tambarare ni nyembamba, ndefu, na kisigino kiko huru, kama za Mkenya mwenzake Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Sasa, za tambarare nyingi hazina kingo za chuma kabisa. Unyevu unaomnyima usingizi mwenye ski za mteremko hauzitishi sana hizi. Shida yake ni urefu, maana jozi ya mtu mzima mrefu hupita mita 2, na ule upinde wa katikati, pale ski inapoinuka ikilazwa sakafuni, ambao hautakiwi kubanwa miezi saba.

Jioni moja ya kazi, popote zitakapokaa

Hili sitalilinganisha na kitu, kwa sababu ni la lazima. Ski iliyoandaliwa vizuri hustahimili hata pahali pabaya kiasi. Ikiwekwa na uchafu wake itaharibikia hata chumbani kwako.

Anza na chumvi. Ski zilizosafirishwa juu ya gari hurudi zimerushiwa chumvi ya barabarani, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani mpaka kwenye chuma. Zifute kwa kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usizipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, kwani maji ya kasi huingia ndani ya vifungio vya buti na kuondoa grisi iliyomo. Dawa za kupuliza za kulegezea kutu nazo usizipulizie hapo, zinaiyeyusha grisi hiyo hiyo. Ziache zikauke ndani usiku kucha.

Kesho yake zilete karibu na dirisha uziangalie. Pitisha kitambaa kikavu kwenye kingo. Kikitoka na mstari wa rangi ya machungwa, hiyo ni kutu changa, na kijiwe cha mpira kinachouzwa maduka ya ski kitaiondoa kwa mipito michache. Ukiona vishimo vidogo vyeusi vilivyokula chuma, mpelekee fundi. Kisha tazama tumbo, hasa karibu na kingo: weupe mkavu, ulioparara, maana yake plastiki imemaliza nta yake.

Hapo ndipo nta ya kuhifadhia inapoingia. Chukua nta laini, ile ya hali ya hewa ya joto, iyeyushe kwa pasi ya ski na uiache imelala juu ya tumbo nene kama samli iliyoganda, ifike mpaka ifunike kingo. Usiikwangue. Utaikwangua siku ya kwanza ya msimu ujao. Pasi ya nguo usiitumie: joto lake hupanda na kushuka, na matundu ya mvuke hayakutengenezwa kwa kazi hii. Ski za tambarare zenye magamba au utepe wa manyoya katikati hupakwa nta hii mbele na nyuma tu, sehemu ya katikati inasafishwa na kuachwa. Na kama ulitumia klista, ile gundi ya theluji iliyoyeyuka na kuganda tena, itoe yote. Klista iliyobaki hulainika kwa joto la Julai, hushuka taratibu mpaka kwenye mfuko, na vuli utavuta ski itoke pamoja na kitambaa.

Kuna ubishi wa kila mwaka kuhusu kulegeza springi za vifungio vya ski za mteremko. Mafundi wengi siku hizi wanasema springi za kisasa hazihitaji hilo, nami naona wana hoja: hatari ya kusahau kuzirudisha ni kubwa kuliko faida. Ukizilegeza, andika namba ya zamani kwenye utepe na uubandike juu ya ski yenyewe, kisha fundi azipime kabla hujapanda mlima.

Mwisho, ziunganishe jozi kwa mikanda miwili, mmoja karibu na ncha na mwingine karibu na mkia, matumbo yakitazamana. Usifunge mkanda katikati na kuuvuta mpaka upinde ulale.

Ndani ya nyumba: chini ya kitanda au nyuma ya nguo kabatini

*Joto.* Pazuri, kwa sababu wewe mwenyewe unaishi humo. Kasoro moja ni ya vuli: nyumba nyingi za kupanga zina hita ndefu inayopita chini ya ukuta, na mara nyingi kitanda kimeegemea ukuta huohuo. Oktoba ikianza kuwaka, ski zako ziko kiganja kimoja kutoka kwenye moto. Zisogeze upande wa pili.

*Unyevu.* Pazuri pia. Kiyoyozi kinapopoza hewa huikausha. Asiye na kiyoyozi afungue madirisha, na asiziweke kwenye kabati linalopakana na bafu.

*Nafasi.* Kitanda cha kwini cha Marekani kina urefu wa sentimita 203. Ski za mteremko za mtu mzima, ambazo nyingi ziko kati ya 150 na 185, zinaingia bila maneno. Za tambarare zinazopita urefu huo zitatokeza mkia, isipokuwa uzilaze mshazari. Kitanda chenye droo hakifai. Na familia ya watu wanne itajikuta inarundika jozi juu ya jozi, halafu masanduku ya safari juu yake, jambo ambalo tumekubaliana halitakiwi.

*Usalama.* Kwa wezi hakuna pahali bora. Kwa watoto, kumbuka kwamba chini ya kitanda ni uwanja wao wa kujificha, na kingo zilizonolewa hukata kidole. Mfuko ni lazima hapa.

*Usumbufu.* Vipande vya nta hubanduka na kuingia kwenye zulia. Tandika shuka kuukuu chini.

Panamfaa mpangaji mwenye jozi moja au mbili, hasa za mteremko, na yeyote ambaye ski zake ni za bei kubwa kuliko gari lake. Wapo.

Besimenti, au stoo ya chini ya jengo

*Joto.* Hapa besimenti inashinda wote. Udongo unaoizunguka huifanya iwe baridi wakati nyumba ya juu inachemka. Epuka tu kona ya tanuri la nyumba na tangi la maji moto.

*Unyevu.* Hiki ndicho kiini cha kesi, na watu wengi huelewa kinyume. Wanaona baridi ya besimenti wanadhani ni ukavu. Kumbe hewa ya nje ya Julai imebeba mvuke mwingi. Ikiingia chini na kugusa ukuta wa zege uliopoa, inashindwa kuushikilia ule mvuke, na matone yanatokea kwenye kila kitu kilichopoa, chuma kikiwa cha kwanza. Kwa hiyo kufungua dirisha la besimenti siku ya joto ili "hewa ipite" mara nyingi huongeza tatizo.

Usibishane na jirani, pima. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali kinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Kiweke palepale ski zitakapokaa, si katikati ya chumba, ukiache wiki nzima mwezi wa Juni. Kikisoma 45 au 50, una besimenti nzuri na wala huhitaji kuendelea kusoma. Kikisoma 65, una njia mbili: mashine ya kukausha hewa, au pahali pengine. Mashine hiyo hufanya kazi vizuri sana, lakini ndoo yake hujaa na mashine hujizima, basi mtu aimwage au uiunganishie bomba hadi kwenye shimo la maji taka la sakafuni.

Zege lenyewe hupitisha unyevu hata linapoonekana kavu. Usisimamishe mikia ya ski juu yake. Weka ubao, au zining'inize, na uache upana wa kiganja kati yake na ukuta wa nje. Kuziinua kunasaidia pia siku mvua ya radi inapoleta maji ndani, jambo ambalo wenye besimenti wa huku hawalisimulii kama jambo la ajabu.

*Nafasi.* Kwa kawaida ipo, hata kwa za mita 2.

*Usalama.* Inategemea besimenti ni ya nani. Yako peke yako ni salama kuliko gereji. Ya jengo zima ni habari nyingine. Walio Ujerumani wanaijua hali hii: kila mpangaji ana kizimba chake chini ya jengo, kuta zake ni mabanzi ya mbao yenye nafasi katikati, na kila anayepita anaona ulichonacho. Funika ski kwa shuka, zisogeze mbali na mabanzi, piga picha zikiwa na namba zake, na uisome bima yako ya nyumba kama inahesabu stoo ya chini. Wenye stoo za majengo ya Norway na Kanada wazikague kwa macho hayohayo, maana nyingine zina joto la nyumba na nyingine zimejengwa nje kabisa.

*Usumbufu.* Mdogo, ila ile ndoo.

Panamfaa mwenye nyumba aliyepima unyevu wake, na mwenye ski za tambarare zisizo na chuma, ambaye anaweza kuvumilia asilimia chache za ziada.

Gereji

*Joto.* Hupanda na kushuka. Gereji iliyoungana na nyumba, upande wa kaskazini, ni ya kuvumilika. Iliyosimama peke yake nyuma ya nyumba, mlango ukitazama magharibi, hugeuka tanuri kila alasiri ya Julai. Zikikaa humo, ziwe kwenye ukuta wenye kivuli, chini kuliko dari, kwa kuwa joto linapanda.

*Unyevu.* Hubadilika kila siku, na mabadiliko yenyewe ndiyo tatizo. Asubuhi ya Mei chuma kimepoa kwa usiku mzima, mlango unafunguliwa, hewa ya uvuguvugu inaingia, na umande unatua kwenye kingo. Ile nta iliyofunika kingo inalipa gharama yake hapa kuliko popote. Ongeza chumvi inayodondoka kutoka kwenye gari mpaka mwisho wa Machi: sakafu ya gereji ioshwe kabla ski hazijahamia, si baadaye.

*Nafasi.* Hapa gereji haina mpinzani. Ukuta mmoja unabeba jozi za familia nzima, fimbo zake, na hata zile za binamu aliyehamia Texas akaziacha "kwa muda".

*Usalama.* Panya, kwanza. Pili, wezi: kwenye mitaa kama ya Minneapolis, ambako gereji nyingi zimejengwa nyuma kwenye vichochoro, mlango ukiachwa wazi nusu saa unatosha. Tatu, ukiziweka karibu na makopo ya petroli, rangi au dawa za bwawa la kuogelea, mivuke yake si rafiki wa plastiki wala wa chuma.

*Usumbufu.* Hakuna. Unaziona kila unapotoka, na hiyo ni faida kubwa: kutu inayoonekana Juni inafutwa Juni.

Panafaa familia yenye jozi nyingi, ski za kawaida za kila siku, na watu wanaojijua kwamba wasichokiona hawakihudumii.

Darini na roshani

Kwa dari chini ya paa nasema hapana, na hapa sihitaji mizani. Kiangazi joto la huko hupita nyuzi 50 za Selsiasi kwa urahisi. Roshani ina jua na mvua kwa pamoja. Kama huna kingine kabisa, heri uzipeleke duka la ski lenye huduma ya kuhifadhi. Baadhi hupokea masika, hunoa, hupaka nta na kukurudishia vuli.

Kulaza, kusimamisha au kuning'iniza?

Watu hubishana hapa kuliko panavyostahili. Zote tatu zinafaa mradi upinde haubanwi. Kulaza kunahitaji sakafu bapa na kusiwekwe kitu juu. Kusimamisha ni rahisi, lakini ski iliyoegemezwa tu huanguka, na ikimwangukia mtoto si mchezo, hivyo ifunge ukutani. Kuning'iniza ni nadhifu kuliko zote, ila kibanio kishikwe na nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Kwenye nyumba nyingi za Amerika Kaskazini nguzo hizo ziko kila baada ya sentimita 40 hivi. Jipsamu peke yake haitabeba jozi nne. Mpangaji amwulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Mfuko uwe wa kitambaa kinachopumua, na uwe mkavu. Ule mfuko uliotoka mlimani umelowa, ukifungwa zipu na kusahauliwa, unafuga kutu vizuri kuliko besimenti yoyote.

Buti nazitenga na mjadala wote: ziingie ndani ya nyumba, hata kama ski ziko gereji. Toa soksi za ndani zikauke, zirudishe, kisha funga bizimu zake kwa kulegea ili plastiki isipoteze umbo. Buti iliyoachwa gerejini ni nyumba ya panya iliyokwisha kupambwa.

Kwa hali yako

Umepanga fleti na una jozi moja ya mteremko: chini ya kitanda, mbali na hita, ndani ya mfuko.

Una besimenti yako na kipima unyevu kimetulia: huko, juu ya ubao. Kama hakitulii na hutaki kumwaga ndoo, zipandishe juu zile zenye kingo za chuma, ubakishe za tambarare.

Una gereji na watoto watatu: gereji, ukutani, juu ya kimo cha mdogo wao, na nta isikosekane kwenye kingo. Lakini kwanza jiulize kama ski za watoto zinastahili kuhifadhiwa. Novemba zitakuwa fupi na buti zitabana. Maduka mengi hukodisha vifaa vya watoto kwa msimu mzima na kuvipokea masika. Walio Norway wana BUA na walio Sweden wana Fritidsbanken, wanaoazimisha vifaa vya michezo bure. Hapo kazi ya kuhifadhi si yako tena.

Unasafiri nyumbani Mombasa au Mwanza kuanzia Juni mpaka Agosti: hesabu inapinduka. Kiyoyozi kitazimwa, chumba cha juu kitapata joto na unyevu wa kiangazi kizima, na mashine ya besimenti itajizima ndoo ikijaa siku chache baada ya ndege kuondoka. Kwa hiyo ama besimenti yenye mashine iliyounganishwa bomba, ama duka la kuhifadhi, au kabati la ndugu ambaye yeye haendi popote mwaka huu. Mwachie kipima unyevu na namba yako ya simu.